Pamba ya Bariadi na soko la chakula: Selulosi ya nano yasubiri hati ya usalama

BARIADI

Pamba mbegu ikiingia kwenye kiwanda cha kuchambulia hugawanyika mara mbili. Takriban theluthi moja, au zaidi kidogo kwa mbegu nzuri, hutoka kama pamba nyuzi. Kinachobaki karibu chote ni mbegu. Nyuzi hufungwa marobota na sehemu kubwa husafirishwa nje ya nchi. Mbegu huenda kwa wakamua mafuta, na baada ya mafuta hubaki mashudu ya kulishia mifugo. Mkoani Simiyu, unaoongoza nchini kwa kilimo cha zao hilo, hesabu hizo zinajulikana kwa kila aliyewahi kushika mzani.

Kitu ambacho hakimo kwenye hesabu hizo ni manyoya, yaani zile nyuzi fupi nyeupe zinazobaki zimeng'ang'ania mbegu hata baada ya mashine kufanya kazi yake. Mkulima wa Bariadi anayafahamu vizuri, kwani akienda kuchukua mbegu za kupanda huulizwa kama anataka zenye manyoya au zisizo na manyoya. Mkamuaji wa mafuta huyaona kama usumbufu, maana yanakunywa mafuta na kuziba mashine. Katika viwanda vingi vidogo hukamuliwa pamoja na mbegu na kuishia kwenye mashudu.

Nchini Marekani manyoya hayo hunyolewa na kuuzwa peke yake. Hesabu ya kawaida ya viwanda vya huko ni kwamba tani moja ya mbegu hutoa asilimia 16 hivi ya mafuta, asilimia 45 ya mashudu, asilimia 27 ya maganda na asilimia 8 ya manyoya. Manyoya yakisafishwa hubaki selulosi karibu tupu, na selulosi ni bidhaa yenye wateja wengi: watengenezaji wa rangi, wa vidonge vya hospitali, wa karatasi za noti, na wa vyakula vya viwandani.

Ni hapo kwenye chakula ndipo yalipoibuka mazungumzo mapya yanayomhusu mwekezaji mdogo. Kwa miaka kadhaa sasa wanasayansi na makampuni ya Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini wamekuwa wakiisaga selulosi ya mimea mpaka kufikia udogo usioonekana hata kwa darubini ya kawaida, na kuipa jina la selulosi ya nano. Wanasema inafaa kufanya mchuzi uwe mzito, kupunguza mafuta kwenye aiskrimu, na kupaka matunda yasioze upesi. Mali ghafi yake inaweza kuwa mti, jani la mkonge, ganda la ndizi au pamba. Mtu wa Simiyu akisikia hivyo ana haki ya kuuliza kama mali aliyoikalia imepata thamani.

Jibu la soko ni kwamba thamani hiyo bado inategemea karatasi moja, nayo ni hati inayothibitisha kwamba kitu hicho kinaliwa bila madhara. Hati hiyo ipo kwa selulosi ya kawaida. Kwa selulosi ya nano haijakamilika, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayopaswa kueleweka kabla ya mtu kutoa fedha mfukoni.

Imekuwa ikiliwa siku nyingi

Selulosi si kitu kigeni tumboni. Ndiyo kuta za chembe hai za kila mmea, kuanzia mchicha mpaka pumba za mahindi. Binadamu hana uwezo wa kuisaga. Hupita na kutoka, na wataalamu wa lishe huihesabu miongoni mwa nyuzinyuzi. Ng'ombe anaimudu kwa sababu tumbo lake lina vijidudu vya kuivunja, na ndiyo maana manyoya yaliyomo kwenye mashudu hayampi shida.

Iliyosafishwa viwandani iliingia kwenye chakula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkemia O. A. Battista wa kampuni ya American Viscose, Marekani, aliivunja kwa tindikali miaka ya 1950 akapata unga mweupe unaojulikana kama selulosi ya fuwele ndogo. Leo unga huo uko kwenye vidonge vingi vya dawa. Kwenye pakiti za chakula huandikwa kwa namba 460. Ndugu yake, selulosi iliyobadilishwa kikemia iitwayo CMC, ni namba 466, na hutumika kufanya aiskrimu, juisi na maziwa ya mtindi yasijitenge. Mwenye duka pale Somanda anaweza kugeuza pakiti za juisi na mtindi alizonazo rafuni na kutafuta namba hizo mwenyewe.

Kamati ya wataalamu wa viongezi vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani haikuona haja ya kuziwekea selulosi hizi kiwango cha juu cha kula kwa siku. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilizipitia upya kuanzia namba 460 hadi 469, ikafikia uamuzi kama huo: kwa kiasi ambacho watu wanakula, hazileti wasiwasi wa usalama. Kwa mfanyabiashara, hilo ni soko lililo wazi lenye sheria zinazojulikana.

Lakini sheria hizo zina kipimo. Kanuni ya Ulaya namba 231 ya mwaka 2012 inataka selulosi ya namba 460 inayouzwa kama unga wa fuwele ndogo iwe safi kwa asilimia 97 au zaidi, risasi isizidi miligramu 2 kwa kilo, aseniki isizidi 3, zebaki 1 na kadimiamu 1. Kisha inasema juu ya ukubwa wa chembe: zisiwe chini ya mikromita 5, na zilizo ndogo kuliko hapo zisizidi asilimia 10. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mstari huo uliwekwa kwa sababu wataalamu walihofia kwamba chembe ndogo mno zinaweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia mwilini badala ya kupita njia yake.

Sasa nanomita moja ni sehemu ya elfu ya hiyo mikromita. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kitu huitwa cha nano kikiwa na upande mmoja usiozidi nanomita 100, na fuwele za nano zinazotolewa kwenye pamba huwa na upana wa nanomita 5 hadi 10 na urefu wa mia moja hadi mia tatu. Zinapatikana kwa kuichemsha pamba iliyosafishwa ndani ya tindikali kali ya salfa. Kwa lugha ya kanuni, mstari ni nanomita 5,000, na bidhaa hii iko chini yake kwa mbali sana. Kwa hiyo anayedai kwamba selulosi ya nano imeruhusiwa kwa kuwa selulosi imeruhusiwa anauza kibali cha bidhaa nyingine.

Kinachotafutwa kwenye udogo

Inafaa kuuliza kwa nini watu wenye akili zao wahangaike kusaga kitu ambacho tayari kinauzwa. Sababu ni maji. Nyuzi za nano zikiwa asilimia mbili tu ndani ya maji, mchanganyiko wote hugeuka kuwa uji mzito unaosimama. Njia ya kuzitengeneza kwa kuusukuma ute wa mbao kwenye tundu jembamba kwa shinikizo kubwa ilipatikana katika maabara za kampuni ya ITT Rayonier, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na Albin Turbak na wenzake waliitangaza mwaka 1983. Matumizi ya chakula yalikuwa kati ya yale waliyoyafikiria tangu mwanzo. Gharama ya umeme wa kusukuma ndiyo iliyoirudisha kabatini kwa miaka mingi.

Japani imesonga mbele kuliko wengi. Kampuni ya karatasi ya Nippon Paper ilifungua mwaka 2017 mtambo mjini Gotsu unaotengeneza nyuzi za nano kwa ajili ya vyakula na vipodozi. Zinatokana na mbao zilizopitia mabadiliko ya kikemia yanayofanana na yale ya CMC, na huo ndio mlango waliopitia. Huko Ufilipino watu wamekula kwa vizazi kadhaa vipande vya nata de coco, ambavyo ni selulosi yenye nyuzi nyembamba za kiwango cha nano iliyofumwa na bakteria ndani ya maji ya nazi. Haitoki kwenye mmea moja kwa moja, ila inaonyesha kwamba wembamba peke yake si sumu.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuonja teknolojia za namna hii. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi vilishiriki katika mradi uliogharamiwa na Kanada, pamoja na watafiti wa India na Sri Lanka, wa kurefusha maisha ya maembe na matunda mengine kwa heksanali, kemikali ambayo mimea huitoa yenyewe. Huo ulihusu shamba na ghala zaidi kuliko sahani.

Panya wamesema nini

Kuhusu sahani, ushahidi uliopo ni wa maabara na wa wanyama. Watafiti wa Harvard mjini Boston, wakiongozwa na Glen DeLoid na Philip Demokritou, walitoa mwaka 2019 matokeo ya kuwapa panya selulosi ya nano yenye nguvu ya asilimia moja, mara mbili kwa wiki kwa wiki tano. Damu, viungo na utumbo wa panya hao havikuonyesha tofauti ya maana na ya wenzao. Mwaka 2020 kundi la Kimberly Ong liliwalisha panya nyuzi hizo kwa siku 90 mfululizo, mpaka zikawa asilimia 4 ya chakula chote, nalo halikuona madhara. Hizo ni habari njema, na anayezipuuza hatendi haki.

Mwaka huo huo wa 2020, hata hivyo, utafiti mwingine wa kundi la Harvard uliangalia bakteria wanaoishi tumboni mwa panya waliopewa dozi kama ile ya awali, ukakuta jamii za bakteria hao zimebadilika, pamoja na baadhi ya ishara za kinga kwenye ukuta wa utumbo. Mabadiliko si ugonjwa. Lakini mkaguzi wa serikali hawezi kuyaruka, hasa kwa sababu ya yaliyompata yule ndugu, CMC.

CMC ilihesabiwa kuwa salama kwa miongo mingi. Mwaka 2015 Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz walionyesha katika panya kwamba kiasi cha asilimia moja kwenye maji ya kunywa kilipunguza ute unaolinda utumbo na kuleta uvimbe wa chini chini. Wakosoaji walisema panya si mtu. Watafiti hao wakaja na watu: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, watu wazima 16 wenye afya walikaa chini ya uangalizi kwa siku 11, baadhi yao wakila gramu 15 za CMC kila siku. Waliokula walilalamika zaidi tumbo baada ya chakula, bakteria wao wakabadilika, na kwa wawili kati yao bakteria walisogea karibu na ukuta wa utumbo kuliko kawaida. Ni jaribio dogo, na gramu 15 ni nyingi kuliko anazokula mtu wa kawaida. CMC bado iko sokoni kihalali. Hata hivyo ni onyo kwamba selulosi kutokusagika tumboni hakuifanyi isiwe na kazi huko ndani.

Jambo la mafuta linastahili kutazamwa kwa macho ya Simiyu. Mwaka 2018 kundi la Harvard liliripoti kwamba panya waliopewa malai pamoja na selulosi ya nano walipata mafuta kidogo zaidi ndani ya damu, upungufu wa zaidi ya theluthi moja. Nyuzi hizo huyakusanya matone ya mafuta na kuyanyima vimeng'enya nafasi ya kuyavunja. Boston, ambako unene ni tatizo kubwa, hiyo ni sifa ya kuandikwa kwenye pakiti. Kwa mtoto wa Itilima au Meatu anayekula ugali na mboga iliyoonjeshwa mafuta, ni hasara. Vitamini A husafiri na mafuta, na ndiyo sababu Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza vitamini hiyo kwenye mafuta ya kupikia. Kinachozuia mafuta kumeng'enywa kinaweza kuzuia na hiyo vitamini. Bidhaa inaweza kuwa salama kwa mji mmoja na isiwe na maana katika mwingine, na hilo haliandikwi katika kipimo chochote cha panya.

Asili si kinga

Wauzaji wa selulosi ya nano hupenda neno "asilia". Bariadi ni mahali pazuri pa kulipima neno hilo, kwani pamba yenyewe ina sumu yake ya asili.

Kiini cha mbegu ya pamba kina vitone vyeusi vyenye gosipoli, ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa vizuri hubaki nayo kidogo mno. Yaliyokamuliwa na kuuzwa ghafi ni habari nyingine. Nchini China, vijiji vilivyohamia kwenye mafuta ghafi ya pamba vilikuta kina baba hawapati watoto. Wanasayansi wa huko wakaligeuza janga kuwa fursa: miaka ya 1970 walijaribu gosipoli kama dawa ya uzazi wa mpango kwa zaidi ya wanaume 8,000. Ilifanya kazi, lakini baadhi yao hawakurudi tena katika hali ya kawaida na wengine walipungukiwa potasiamu mwilini, hivyo mwaka 1986 ikaachwa. Marekani inataka gosipoli huru isizidi miligramu 450 katika kilo ya chakula cha watu cha mbegu ya pamba. Huko Texas, Keerti Rathore alitumia miaka mingi kutengeneza pamba ambayo mbegu yake haina gosipoli ya kutisha, na mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo iliikubali kuliwa na watu.

Gosipoli haipo kwenye manyoya, ipo kwenye kiini. Kwa hiyo selulosi ya pamba haibebi mzigo huo. Inabeba mwingine: dawa za kuulia funza wa vitumba na chawajani, ambazo hunyunyiziwa moja kwa moja juu ya kitumba kinachofunguka. Mnunuzi wa nguo hajali sana mabaki hayo. Mnunuzi wa chakula atayapima. Hapo wilaya ya Meatu ina kitu cha kuonyesha, maana kilimo cha pamba hai kilianza huko mwaka 1994 chini ya mradi wa bioRe, na wakulima wake wamezoea kuandikwa shamba kwa shamba. Utaratibu huo wa kufuatilia mzigo tangu shambani ndio wanaoutaka wanunuzi wa mali ghafi za chakula.

Vumbi

Kuna madhara mengine yasiyopitia mdomoni. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba duniani kote wanajua kubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, hali ambayo Waingereza waliipa jina la homa ya Jumatatu. Husababishwa na vumbi la pamba pamoja na sumu za bakteria walioko ndani yake, na kwa aliyevuta miaka mingi huwa ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Majaribio ya taasisi ya usalama kazini ya Marekani, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kwamba fuwele za selulosi ya nano zikiingia mapafuni mwa panya huleta uvimbe. Kwa mlaji wa aiskrimu hilo halihusu. Kwa kijana atakayepakia unga mkavu kwenye mifuko linahusu sana, na mwenye kiwanda atakayesahau barakoa na feni za kunyonya vumbi atalipa baadaye.

Mlango wa sheria

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu viongezi vya chakula inasema kwamba kiongezi kilichokwisha kubaliwa, ukubwa wa chembe zake ukibadilishwa kwa teknolojia ya nano, kihesabiwe kuwa kiongezi kingine kinachohitaji kibali kipya. Pakiti nayo lazima iandikwe neno "nano" kwenye mabano baada ya jina la kiungo. Marekani, kupitia mwongozo wa mwaka 2014, ilichukua msimamo laini zaidi: badiliko kubwa la utengenezaji linaweza kuondoa hadhi ya usalama ya awali, na mtengenezaji ndiye wa kuthibitisha.

Wazungu wa soko hilo wamekwisha ungua mara moja. Titani dioksaidi, rangi nyeupe ya namba 171 iliyokuwa kwenye pipi na ubani wa kutafuna, iliruhusiwa kwa zaidi ya miaka 50. Mei 2021 EFSA ilisema haiwezi tena kuihesabu salama, kwa sababu sehemu ya chembe zake ni za nano na haikuweza kuondoa wasiwasi kwamba zinaharibu vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula. Viwanda vilivyokuwa na maghala yaliyojaa vilibaki na rangi ya ukutani. Baada ya tukio hilo ni vigumu kuona mkaguzi wa Brussels akiharakisha kibali cha unga mwingine mweupe wa nano.

Nchini Tanzania usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 lilipoyachukua majukumu hayo kutoka iliyokuwa TFDA. Kwa anayetaka kuingiza au kutengeneza kiongezi chochote, ofisi ya kwanza kugonga ni hiyo.

Hesabu ya mfukoni

Tuseme mtu ana tani moja ya pamba mbegu. Ikitoa kilo 640 za mbegu, na manyoya yakawa asilimia 8 kama Marekani, atapata kilo 50 hivi za manyoya machafu. Kuchemsha kwa magadi makali na kuyang'arisha kutayapunguza tena. Kwa hiyo biashara hii haina maana kwa mwenye ekari tano, na ina maana ndogo kwa AMCOS moja. Inaanza kuonekana kwa kiwanda kinachopokea mbegu za wilaya nzima.

Mtambo wa kunyoa manyoya ni chuma kinachojulikana, hutumia umeme na misumeno inayohitaji kunolewa mara kwa mara. Faida yake ya kwanza haihusiani na nano hata kidogo: mbegu iliyonyolewa hutoa mafuta zaidi kwa sababu manyoya hayapo kuyafyonza. Faida ya pili ni manyoya yenyewe kuuzwa kwa wasafishaji wa selulosi ya kawaida walioko nje. Kusafisha hapa hapa mkoani kunataka maji mengi na mahali pa kumwaga maji machafu yenye magadi, na mito mingi ya Simiyu hukauka kiangazi. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za mkoa huu, uliopata fedha za Mfuko wa Tabianchi mwaka 2017, ulikusudiwa kwa watu, mifugo na bustani. Kuuhesabu kama maji ya kiwanda cha kemikali ni kujidanganya.

Miaka ya mwisho ya 2010 mkoa ulitangaza nia ya kuwa na kiwanda cha vifaa tiba vinavyotokana na pamba. Pamba ya hospitali na selulosi ya chakula hupitia hatua ile ile ya mwanzo, yaani magadi na kung'arisha. Anayetafuta pa kuanzia kusafisha pamba ana sababu ya kutazama bandeji kabla ya aiskrimu, kwa kuwa bandeji ina mteja karibu na haihitaji panya wa siku 90.

Ushindani nao usisahaulike. Selulosi nyingi ya namba 460 inayouzwa duniani hutoka kwenye mbao, kwa viwanda vyenye misitu yao na mito yao. Pamba hushinda pale tu mnunuzi anapotaka usafi wa juu. Mwaka 2019 Simiyu ilionja tena ugumu wa kutegemea bei ya nyuzi peke yake: bei elekezi ikiwa Sh 1,200 kwa kilo na bei ya dunia ikishuka, wanunuzi walisita na wakulima wakasubiri fedha. Kuongeza bidhaa moja kutoka kwenye mbegu kungepunguza makali hayo, hata kama ni kwa shilingi chache kwa kilo.

Atakayeletewa hisa za mradi wa selulosi ya nano kwa chakula aulize kwanza mambo manne. Chembe zina ukubwa gani, na nani amezipima? Kibali ni cha nchi ipi na kimetaja nano au selulosi tu? Jaribio la ulaji limedumu siku ngapi, na je, waliojaribiwa ni bidhaa hii au ya kampuni nyingine iliyotokana na mbao? Mnunuzi ametia saini mkataba wa tani, au ameandika barua ya nia? Majaribio yaliyotajwa hapo juu hayakuzidi siku 90, na kila moja lilihusu unga uliotengenezwa kwa njia yake. Fuwele za tindikali na nyuzi za shinikizo si bidhaa moja, ijapokuwa zote zimetoka kwenye kitumba.

Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kwa mwenye mtaji wa kununua mbegu kwenye viwanda vya kuchambulia, kipimo cha kufanya mapema ni rahisi: kunyoa kilo chache za mbegu, kupima manyoya yanayotoka, kisha kukamua mbegu zilizonyolewa na zisizonyolewa kila moja peke yake na kulinganisha mafuta. Tofauti hiyo ya lita ndiyo itakayosema kama mtambo wa kunyolea unaweza kujilipa wenyewe kwa mafuta, bila kusubiri kibali kutoka Brussels.